Mzee Akifa, Bao Lake Huenda Wapi?

Mtu akifariki kwetu Kirando, watu huuliza upesi habari za nyavu, mtumbwi, shamba na nyumba. Hayo ni mambo makubwa, tena yafaa yaulizwe. Lakini kuna kitu kimoja tunachokisahau karibu kila mara, nacho ni bao la marehemu.

Nilikuwa na babu mdogo, mvuvi, mwenye bao la mninga. Kila alasiri, watu wakiisha kuanua dagaa, wazee walikusanyika chini ya mwembe wake. Walicheza, walitaniana, na mara nyingi waliokuwa na ugomvi walipatana hapo hapo. Alipofariki tulimlilia na kumwombea. Baada ya kuondoa matanga, ukoo ukaketi kugawa mali. Nyavu zikapata mwenyewe, mtumbwi ukapata mwenyewe. Bao hakuna aliyelitaja. Miezi michache baadaye nililikuta nyuma ya jiko, limejaa maji ya mvua, kuku wanakunywa. Kete zake watoto walikuwa wamekwisha kuzitawanya. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mzee hakuacha neno, nasi hatukuuliza.

Wasomaji wapenzi, tukumbuke kwamba bao ni kitu kimoja chenye sehemu nyingi. Lina safu 4 za mashimo 8, yaani mashimo 32, na kete 64. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Basi, mrithi mmoja akichukua ubao na mwingine kete, wote wawili hawakurithi kitu. Huo si mgawanyo, ni uharibifu.

Mchezo huu si wa wavivu, kama wengine wanavyodhani. Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999, alipenda kucheza bao na wazee wenzake wa Butiama. Vitu vyake vingi vimehifadhiwa katika makumbusho hukohuko kijijini kwake. Na kule Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement wa Wamisionari wa Afrika alianzisha makumbusho ya Wasukuma, ili ngoma na vyombo vya wazee visipotee. Lakini si kila mzee hujengewa makumbusho. Makumbusho ya wengi wetu ni nyumba ya mtoto anayejali.

Tena kuna hatari nyingine. Pengine hupita mfanyabiashara anayenunua vitu vya zamani, naye hutoa fedha kidogo wakati familia ina madeni ya msiba. Yafaa tujue kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda vitu vya utamaduni, na kuvipeleka nje ya nchi pasipo kibali ni kosa. Fedha ile huisha kwa wiki moja. Bao likienda, halirudi.

Basi tufanyeje? Kwanza, mwenye bao aseme angali hai nani atalirithi, na aseme mbele ya mashahidi. Amchague anayependa kucheza, hata kama si mtoto wa kwanza, hata kama ni binti. Pili, kete zihesabiwe na kutiwa katika mfuko mmoja, nao ufungwe pamoja na ubao. Tatu, Mahakama ya Mwanzo ikimteua msimamizi wa mirathi, naye akiandika orodha ya mali, bao liandikwe humo pamoja na nyavu. Nne, lisiwekwe chini penye mchwa wala kuachwa mvuani. Lifutwe vumbi na kupakwa mafuta kidogo. Na kama nyumbani hakuna mchezaji, wapewe wazee wa kijiji walichezee wote.

Zaidi ya hayo, mwenye bao amfundishe mjukuu. Ubao waweza kuchongwa mwingine, lakini hila za mzee katika kucheza hazichongwi na fundi yeyote.

Bao la babu yangu tulilikausha kivulini. Limepasuka upande mmoja, lakini mashimo yote 32 ni mazima. Kete tulizopata ni 41. Zilizobaki twaendelea kuzitafuta, na jioni watoto hujifunza kwa kujazia vijiwe vya ufukweni.