Winchi Nne Zilizogeuzwa Njiani

Nilikuwa nikipekua taarifa za chakula cha msaada cha Yemen, nikitafuta habari za magunia, nikanasa kwenye habari ya mashine. Januari 2017, winchi nne za bandarini zilikuwa baharini zikielekea Hodeidah, bandari ya Yemen kwenye Bahari ya Shamu. Zilinunuliwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) kwa fedha za Marekani, dola milioni 3.9, na kila moja iliweza kuinua hadi tani 60. Muungano wa kijeshi unaoongozwa na Saudi Arabia ukazirudisha. Zilishushwa Hodeidah Januari 2018, mwaka mzima baadaye.

Shirika la kugawa unga linanunua winchi za nini? Jibu liko Agosti 2015, ndege za muungano huohuo zilipozipiga winchi za gati la Hodeidah, miezi michache baada ya Saudia na wenzake kuingia vitani dhidi ya Wahouthi, waasi wa Yemen. Nchi yenyewe huagiza kutoka nje karibu asilimia 90 ya ngano yake.

Habari hiyo nikaipeleka Mombasa, kwa mzee aliyestaafu baada ya kuendesha winchi bandari ya Kilindini sehemu kubwa ya umri wake. Aliomba nisimtaje jina. Nilitegemea siasa, yeye akataka kujua kwanza ni meli za aina gani zilizokuwa zikitia nanga huko.

"Mwanangu, kuna meli zenye winchi zake sitahani. Hizo zitajishushia zenyewe, polepole. Lakini nyingi za makontena huja kavu, zinategemea winchi ya gatini. Gati likikosa winchi, meli hiyo haiji. Nahodha haji kutembea mjini."

Nikamwonyesha picha ya winchi ya aina ile, yenye magurudumu. Akaisogeza karibu na macho, akaanza kunipandisha ngazi ya kibanda cha dereva. Mashine hiyo, alisema, hutembea yenyewe gatini. Ikifika ubavuni mwa meli huteremsha miguu ya chuma mpaka matairi yapumzike. Dereva huko juu mara nyingi haoni ndani ya tumbo la meli. Macho yake ni mtu wa ishara aliyesimama ukingoni: akiashiria kupandisha, waya unapanda, akiashiria kusimama, kila kitu kinasimama, hata kama dereva ana haraka. Kazi ngumu ni upepo.

"Mzigo ukianza kubembea, usishindane nao. Ufuate. Unaupelekea mkono wa winchi kule unakokwenda, unatulia wenyewe. Ukiuvuta kwa hasira, makuli walio chini ndio watakaolipa. Na kumbuka, meli ikikaa gatini siku nyingi, mwenye mali anatozwa. Ataipeleka wapi gharama ile? Kwenye bei ya unga. Mama anayenunua kilo mbili ndiye mlipaji wa mwisho."

Nikamsomea upande wa pili wa daftari. Januari 2018, mwezi uleule wa winchi, Riyadh ilitangaza kuweka dola bilioni 2 katika benki kuu ya Yemen. Machi mwaka huo, Saudia na Falme za Kiarabu zikaupa Umoja wa Mataifa dola milioni 930 kwa ajili ya misaada ya Yemen. Nani atasema hizo ni pesa ndogo?

"Si ndogo," mzee alikubali. "Lakini jirani akikufukia kisima, kisha kila asubuhi akuletee ndoo ya maji, utapokea kwa kuwa una kiu. Kisima ni kilekile, kimefukiwa."

Saudia ilikuwa na hoja yake: kwamba Wahouthi hupitishia silaha bandarini humo. Ndiyo maana tangu 2016 Umoja wa Mataifa ulikuwa na ofisi Djibouti ya kukagua meli. Wahouthi nao si malaika. Juni 2019 WFP ilisitisha sehemu ya msaada katika mji wa Sana'a, uliokuwa mikononi mwao, kwa sababu chakula kilikuwa hakiwafikii walengwa. Nikambana mzee: winchi haiwezi kuinua makombora?

"Winchi haichagui mzigo, hilo nakupa," alisema. "Basi kagua. Sisi tumekaguliwa miaka yote. Fungua kila sanduku, lakini iache mashine ibaki gatini."

Nilipoanza kutafuta habari za magunia, nilikuwa nikiuliza tajiri anampa kiasi gani jirani yake anayeungua. Sasa naona kuna swali la kutangulia: anamzuilia nini? Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa hadi mwisho wa 2021 vita vya Yemen vingekuwa vimeua watu 377,000, na takriban asilimia 60 yao si kwa risasi wala mabomu bali kwa njaa, maradhi na huduma kuporomoka. Watu hao hawamo kwenye hesabu ya mchango wowote. Hata Marekani iliyolipia winchi ndiyo iliyokuwa ikizijaza mafuta angani ndege za muungano, hadi Novemba 2018. Na Oman, inayopakana na Yemen, ilikataa kujiunga na vita hivyo. Je, kutopiga kunahesabiwa kuwa msaada?

Julai 2024 Hodeidah ilipigwa tena, safari hii na Israel, baada ya droni ya Wahouthi kuua mtu Tel Aviv. Matangi ya mafuta yaliwaka siku kadhaa, na winchi zilipigwa pia. Nikamuuliza mzee nani anapaswa kununua nyingine.

"Aliye karibu na mwenye uwezo. Anunue leo, habari za risiti wagombane kesho."

Jibu lake linatosha kwa ngano iliyo melini. Kwa haki halijanitosha. Mbadala wa zile za 2015 alinunua asiyezivunja, na aliyezivunja akashukuriwa kwa hundi. Jirani tajiri akijua kwamba kila mara mwingine atanunua, ni nini kitakachomzuia asivunje tena?