Kuchechemea, Kutagaa, na Nyayo za Laetoli

Mwendo wa mtu asiyekwenda sawasawa hauna jina moja katika Kiswahili, maana lugha hii hutaka kwanza kujua ila iko wapi. Achechemeaye ana mguu mmoja wenye maumivu au upungufu. Aendaye chopi ni jamaa yake. Atagaaye hupanua miguu, na neno hili twaliona kuwa ni moja na tagaa, yaani tawi la mti, kwa jinsi miguu yake ilivyoachana kama panda. Apepesukaye mguu wake hauna kosa, ila mwili mzima wayumba kana kwamba upepo wamchukua. Na kweli neno lenyewe ni la ukoo wa pepea. Tena kuna kwenda mrama, neno la mabaharia juu ya chombo kinacholalia huku na huku, ambalo sasa hupewa hata shughuli iliyoharibika.

Basi liko jambo katika nchi ya Ngorongoro lililotutia mashaka juu ya maneno haya. Atokaye Karatu, akapanda hadi ukingo wa kreta, kisha akashuka upande wa magharibi, hufika Laetoli. Huko mwaka 1976 zilionekana nyayo 5 zilizofuatana katika majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe, za miaka milioni 3.66. Unyayo mmoja wavuka mbele ya mwenzake na kukanyaga upande usio wake. Mwaka 1978 zikapatikana nyingine karibu, zenye mwendo ulionyoka, na zile za kwanza zikaachwa. Wengine wakadhani ni za dubu aliyesimama wima. Zilifukuliwa tena mwaka 2019, na mwaka 2021 wataalamu wakatangaza kwamba si za dubu, bali za kiumbe wa jamii ya binadamu, tena si wa namna moja na wale wa 1978. Hivyo mwendo wa ajabu ulimnyima mwenyewe ujamaa wake kwa miaka mingi.

Tumwiteje basi? Kutagaa ni kinyume kabisa, kwa kuwa miguu hii imepishana, haikuachana. Kupepesuka kwaweza kufaa, ikiwa majivu yaliyolowa yalimtelezesha. Lakini mwanamwali aendaye kwa madaha naye huweka unyayo mbele ya unyayo, wala hakuna amwitaye kiguru. Sisi twasema tu kwamba alikwenda akipishanisha nyayo. Kwa hatua 5, zaidi ya hapo ni kumsingizia.