Funga Daftari, Ujiulize

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya sayansi wavisome. Kundi moja lilirudia kifungu kilekile kwa vipindi vinne. Kundi jingine lilisoma kwa kipindi kimoja tu, kisha likanyang'anywa kifungu na kupewa karatasi tupu mara tatu, kila mara liandike yote linayoyakumbuka. Dakika tano baadaye warudiaji waliongoza: walikumbuka asilimia 83 ya mambo yaliyomo, na wenzao asilimia 71. Wiki moja baadaye kibao kikageuka. Warudiaji walikuwa wamebakiwa na asilimia 40, na watu wa karatasi tupu asilimia 61.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba warudiaji ndio waliokuwa na uhakika mkubwa kuwa watakumbuka.

Jaribio hilo linamhusu moja kwa moja mtahiniwa wa kidato cha nne, awe Tabora au Machakos. Anayepita nje ya madirisha ya darasa wakati wa prepo, wiki chache kabla ya mitihani ya Novemba, huona vichwa vimeinamia madaftari, midomo inacheza, na kalamu za rangi zinapiga mistari chini ya kila sentensi mpaka ukurasa mzima unang'aa. Hiyo ndiyo bidii ambayo walimu huisifu na wazazi hujivunia. Mwenye kusoma hivyo husemwa kuwa ana msuli, na kwa kweli anao. Kasoro iko katika mbinu. Mwaka 2013 John Dunlosky wa Chuo Kikuu cha Kent State na wenzake walipitia tafiti nyingi kuhusu mbinu 10 za kusomea. Kupigia mistari na kurudia kusoma ziliwekwa katika daraja la chini. Mbili tu zilipata daraja la juu: kujipima, na kugawa kusoma kwa siku mbalimbali badala ya kulundika yote siku moja.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Macho yanapopita mara ya tano juu ya maelezo ya usanisinuru, sentensi zinakuwa za kawaida, na mazoea hayo humdanganya mwanafunzi kuwa ameelewa. Lakini chumba cha mtihani hakimuulizi kama amewahi kuyaona maelezo hayo. Kinamtaka ayatoe kichwani, peke yake, saa ikikimbia. Kuyatoa kichwani ni kazi nyingine kabisa, nayo huimarika kwa kufanywa. Kila anapojikakamua kukumbuka, hata akikumbuka nusu, njia ya kulifikia jambo hilo inafunguka zaidi kwa mara ijayo.

Kwa mwanafunzi wa Tanzania kuna kikwazo cha ziada. Aliyesoma shule ya msingi ya serikali alifundishwa kwa Kiswahili miaka saba, kisha kidato cha kwanza kikampokea kwa Kiingereza. Wengi hujiokoa kwa kukariri notsi za ubaoni neno kwa neno, pamoja na nukta na mkato. Swali likigeuzwa kidogo tu, jibu lote linapotea. Dawa inayofaa hapa haihitaji fedha: kufunga daftari, kujieleza mada nzima kwa Kiswahili kana kwamba anamfundisha mdogo wake, kisha kuiandika kwa Kiingereza chake mwenyewe kwenye karatasi tupu, na mwishoni kufungua daftari aone nini kimesahaulika. Walimu wengine watakunja uso wakisikia Kiswahili darasani. Hata hivyo mwanafunzi asiyeweza kueleza osmosisi kwa lugha yoyote ile hajaielewa, na Kiingereza cha kukariri kinaficha tu ukweli huo hadi matokeo yatoke.

Mitihani ya miaka iliyopita, ambayo kila shule inayo kwa mafungu, huharibiwa kwa namna hiyohiyo. Wanafunzi hutafuta majibu yaliyokwisha kuandikwa na kuyameza. Wangefunika majibu, wakajaribu kwanza, wakakosea, ndipo wakasahihisha, karatasi zilezile zingewafaa mara mbili.

Kuhusu kugawa masomo kwa siku, ushahidi ni wa kale zaidi. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alichapisha kitabu chake mwaka 1885 akionyesha kuwa mengi ya tunayojifunza hupotea mapema, ndani ya saa na siku za mwanzo, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyotengana kunashinda kurudia papo kwa papo. Katika ratiba ya prepo, maana yake ni kuwa biolojia ya Jumatatu iguswe tena Alhamisi kwa dakika 15, kisha wiki inayofuata, badala ya kuachwa hadi Oktoba. Mwanafunzi ataona amesahau, ataudhika. Huo ndio wakati ambapo kujikumbusha kunafanya kazi zaidi.

Hapa ndipo mbinu ya kusoma inapokutana na hali ya moyo. Kujipima ni kukubali kukosea mara nyingi kwa siku. Mtoto aliyezoeshwa kuwa kosa moja la hesabu ni kiboko kimoja hatathubutu kujipima. Atafanya kila njia asiulizwe. Atakaa nyuma, atanakili kwa jirani, atakariri ili awe salama. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa makosa mazito ya nidhamu, vikitolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Kukosa jibu la kemia si kosa zito la nidhamu kwa tafsiri yoyote ile. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, ingawa marufuku na mazoea havikwenda pamoja. Mtafiti wa Kitanzania Mabula Nkuba na wenzake walichapisha mwaka 2018 matokeo ya jaribio lililofanyika katika shule za sekondari za umma nchini Tanzania: walimu waliopewa mafunzo mafupi ya kuongoza wanafunzi bila ukatili walipunguza kutumia ukatili huo. Basi mwalimu anayesema hana njia nyingine huenda hajaonyeshwa tu.

Kuna shule chache zinazotoa majaribio madogo ya maswali matano kila wiki, yasiyoingizwa kwenye alama wala kutangazwa kwenye ubao wa matangazo. Zinafanya jambo la maana sana. Mwanafunzi hujua palipovuja, na hakuna anayemcheka.

Usingizi ndio eneo ambalo shule za bweni hukosea kwa nia njema. Prepo ya usiku ikiisha saa tano na kengele ya asubuhi ikilia saa kumi alfajiri, mwanafunzi amelala kwa muda wa saa tano tu, tena kama alisinzia mara tu alipogusa mto. Chama cha Marekani cha Tiba ya Usingizi kilipendekeza mwaka 2016 kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale kati ya saa 8 na 10 kila siku. Si suala la starehe. Wakati wa usingizi ubongo hupitia upya yaliyojifunzwa mchana na kuyaimarisha. Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapa wanafunzi wawili silabi za kukariri, mara nyingine wakilala baadaye, mara nyingine wakiendelea na shughuli. Walipolala walisahau machache kuliko walipobaki macho, na utafiti wa miaka mia moja iliyofuata umeongeza maelezo bila kuliangusha wazo hilo. Kwa hiyo anayetumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi ili akeshe na fizikia anajinyima saa ambazo fizikia hiyo ingehifadhiwa.

Biolojia ya ujana nayo haisaidii. Mary Carskadon wa Chuo Kikuu cha Brown ameonyesha kwa miaka mingi kuwa wakati wa kubalehe saa ya mwili husogea mbele, na homoni ya melatonini, inayouandaa mwili kulala, huanza kutoka kwa kuchelewa. Kijana wa miaka 16 anayeshindwa kusinzia saa tatu usiku, halafu anasinzia kipindi cha kwanza, si lazima awe mvivu. Jiji la Seattle nchini Marekani lilizingatia hilo mwaka 2016 na kusogeza kengele ya kwanza ya sekondari kutoka saa mbili kasoro dakika kumi hadi saa tatu kasorobo. Watafiti waliowavisha wanafunzi vipimo vya mkononi waliripoti mwaka 2018 kuwa usingizi uliongezeka kwa takriban dakika 34 kila usiku.

Hakuna haja ya kwenda Seattle kutafuta mfano. Kanuni za Elimu ya Msingi za Kenya za mwaka 2015, ambazo zinahusu pia sekondari, zinasema masomo yaanze saa mbili asubuhi na kuisha saa tisa na nusu alasiri, prepo iwe kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu usiku, na baada ya hapo wanafunzi wa bweni walale hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ni saa nane na nusu za kulala, zimeandikwa katika sheria. Shule zinazowaamsha watoto saa kumi zinashindana katika orodha ya matokeo, na kila mkuu wa shule anaogopa kuwa wa kwanza kupunguza. Woga huo unaeleweka, lakini hauna ushahidi nyuma yake.

Ushauri huu wote unaweza kuonekana wa kifahari kwa mwanafunzi wa shule ya kata. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari uanze mwaka 2004, Tanzania imejenga shule hizo kwa wingi, na wengi wanaosoma humo ni wa kutwa. Mwingine hutembea kwa miguu asubuhi na jioni, anafika nyumbani giza limeingia, bado maji hayajachotwa. Mwingine amepanga chumba karibu na shule, anajipikia, hana mtu mzima wa kumwambia zima taa. Kumhubiria huyu ratiba ya prepo ni kumpotezea muda. Anachoweza kupewa ni nusu saa shuleni kabla ya kuondoka, mwanga ukiwa bado upo: karatasi tupu, mada ya siku hiyo, mwenzake wa kuulizana naye. Akifanya hivyo, usiku unaweza kuwa wa kula na kulala. Mzazi aliye mbali anaweza kusaidia kwa swali la simu. Badala ya "umesoma saa ngapi?" aulize "leo mmefundishwa nini, hebu nieleze."

Shule nyingi hupenda kualika mhamasishaji mwezi mmoja kabla ya mtihani. Wanafunzi wanashangilia, wanaapa kupata daraja la kwanza, na kesho yake kengele inalia saa ileile ya alfajiri. Saa moja ya kelele haibadilishi ratiba ya mwaka.

Kuhusu hali ya moyo ya wanafunzi, ushahidi mmoja wenye nguvu kutoka Afrika Mashariki ni wa kimyakimya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 duniani ana tatizo la afya ya akili, na shule nyingi za kanda hii hazina mshauri mwenye taaluma. Kuna mwalimu wa unasihi ambaye pia anafundisha vipindi tele. Nchini Kenya, Tom Osborn na wenzake wa taasisi ya Shamiri walijaribu njia nyingine. Katika shule nne za sekondari, wanafunzi 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi walikutana kwa vikundi vidogo, saa moja kwa wiki, wiki nne. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana waliomaliza sekondari karibuni. Kundi moja lilizungumza kuhusu uwezo wa mtu kubadilika, shukrani, na mambo anayoyathamini maishani. Kundi la kulinganisha lilifundishwa mbinu za kusoma, kama kuandika notsi na insha. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry, yalionyesha dalili zikipungua kwa wote, lakini zaidi kwa kundi la kwanza, na tofauti hiyo ilionekana hata miezi saba baadaye.

Somo la jaribio hilo lina pande mbili. Mbinu za kusoma pekee hazimtoshi mtoto aliyelemewa. Anahitaji pia mahali pa kusema bila kuhukumiwa, na msikilizaji anaweza kuwa kaka au dada aliyemtangulia kwa miaka miwili. Upande wa pili ni mpaka wa njia hiyo. Mwanafunzi aliyeacha kula, anayejitenga wiki baada ya wiki, anayejiumiza au kuzungumzia kufa, hahitaji kikundi cha wiki nne wala nasaha za mstari wa asubuhi. Mwenzake wa bwenini amwambie mwalimu, matroni au mtu mzima mwingine siku hiyohiyo, na afikishwe kwa mtaalamu. Asiyejua aanzie wapi apige 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Namba hiyo inatumika Tanzania na Kenya, na kupiga ni bure.