Kiyoyozi Hupimwa kwa Joto, Si kwa Fahari

Wapo wakazi wengi wa Mombasa wanaoamini kwamba kiyoyozi kikubwa ndicho bora. Mimi nashikilia kwamba imani hiyo inapotosha, nayo humtia mwenye nyumba hasara dukani na nyumbani pia.

Ikumbukwe kwamba kazi ya kiyoyozi si kupoza hewa tu, bali pia kuikausha. Willis Carrier alipobuni mtambo wake mwaka wa 1902, shabaha ilikuwa kudhibiti unyevu uliokuwa ukiharibu kazi katika kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn, New York. Mashine ya kawaida iliyozidi mahitaji ya chumba hupoza upesi, ikazima kabla ya kuondoa unyevu wa kutosha. Katika hewa ya Pwani, matokeo yake ni chumba chenye baridi na majimaji, kuvu ukutani, na mashine inayochakaa kwa kuwaka na kuzima kila mara. Ile ndogo mno nayo hunguruma mchana kutwa bila kuleta nafuu, huku bili ya umeme ikipanda.

Je, kipimo cha haki ni kipi? Ni joto lenyewe. Mashine ya BTU 12,000 kwa saa huondoa joto la takriban wati 3,500. Mtu aliyeketi hutoa wati 100 hivi. Kwa hivyo wageni kumi sebuleni huchukua zaidi ya robo ya uwezo huo. Hapo hatujahesabu dirisha linalokabili jua la magharibi, wala paa la mabati lisilo na dari. Ndiyo sababu vyumba viwili vyenye eneo sawa huweza kuhitaji mashine tofauti. Muuzaji anayeuliza upana na urefu wa chumba pekee anabahatisha kwa fedha za mteja.

Aidha, busara yataka joto lizuiwe kwanza, ndipo mashine inunuliwe. Dari, pazia zito na kivuli cha mti hupunguza mzigo, na mashine ndogo ikatosha.

Kwa walimu wenzangu wa fizikia, hili ni somo lililo tayari. Wanafunzi na wapime madirisha, wahesabu watu na vyombo vya umeme, kisha wajumlishe wati. Kijana anayeijua hesabu hiyo atawafaa wazazi wake kabla hawajatoa shilingi zao.