Gari la Mbio Likitetemeka Barabara Kuu

Jirani yangu analo gari aina ya Datsun 240Z, ndugu wa yale yaliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1971 na 1973. Mjini lilikwenda vizuri, lakini lilipofika kilometa 90 kwa saa lilitetemeka hata kioo cha kutazamia nyuma hakikuonyesha kitu. Fundi alirekebisha pembe za magurudumu, akapokea fedha yake, na mtetemo ukabaki. Si ajabu: pembe zikipotoka gari huvuta kando na tairi huliwa, ila ni nadra kutetemeka.

Ndugu msomaji, jiulize kwanza mtetemo wausikia wapi. Ukiwa katika usukani, shuku magurudumu ya mbele. Ukiwa kitini, shuku ya nyuma au propela. Katika kilometa 100 kwa saa gurudumu huzunguka yapata mara 14 kwa sekunde, na gramu 30 zilizozidi upande mmoja wa rimu huvuta kwa nguvu ya kilo 4 hivi. Mwendo ukipungua nusu, nguvu hiyo hubaki robo. Ndiyo sababu mjini husikii kitu.

Jirani aliusikia kitini. Magurudumu yakasawazishwa uzito, kazi isiyo ghali, kisha ya mbele yakahamishiwa nyuma; hali ikawa ile ile. Ndipo tulipoliwekea gari kabari, tukaingia chini na kuitikisa propela kwa mkono. Krosi ya nyuma ilikuwa imelegea, imezungukwa na unga mwekundu wa kutu. Krosi ya namna hiyo ikikatika safarini, propela huanguka barabarani.

Tulitia alama kwa chaki ili propela irudi kama ilivyokuwa, tukafunga krosi mpya. Jumapili kioo kilitulia.