Seva ya Barua Pepe Nyumbani Ishiara: Pokea Mwenyewe, Tuma kwa Mlango wa Wengine

Muuza ndengu wa Ishiara, Mbeere Kaskazini, anaweza kuweka barua pepe za biashara yake kwenye kompyuta kuukuu iliyo sebuleni. SMTP, kanuni za kusafirisha barua pepe alizoziandika Jon Postel mwaka 1982, hazidai mashine ya bei kubwa. Kinachosumbua ni anwani ya IP.

Kwanza angalia kama unayo anwani yako mwenyewe. Anwani za IPv4 hazifiki bilioni 4.3 kwa dunia nzima, kwa hiyo watoa huduma wengi huwaweka wateja kadhaa nyuma ya anwani moja. Fungua ruta usome anwani ya upande wa nje. Ikianza na 100.64 hadi 100.127, au isipofanana na ile inayoonekana mtandaoni, uko kwenye anwani ya kushirikiana, na hakuna barua itakayokufikia moja kwa moja.

Kama ni yako lakini hubadilika, DNS inayojisasisha (DNS ndiyo inayolinganisha jina na anwani ya IP) itasaidia: programu ndogo hutangaza anwani mpya kila inapobadilika. Weka muda ambao seva nyingine hukumbuka anwani yako (TTL) uwe mfupi, sekunde 300 hivi. Stima ikipotea usiogope sana, kwa sababu seva inayokutumia inashauriwa kuendelea kujaribu kwa siku nne au tano. La kuogopa ni hili: anwani yako ya jana ikipewa mtu mwingine mwenye seva ya barua, seva hiyo itazikataa barua zako papo hapo, nazo zitarudi kwa waliozituma. Hapo hakuna kujaribu tena.

Kutuma ndiko kugumu zaidi. Poti 25, ambayo seva hutumiana barua kupitia kwake, mara nyingi hufungwa kwa laini za nyumbani ili kuzuia barua taka. Orodha ya PBL ya Spamhaus, shirika linalopambana na barua taka, hukusanya anwani za laini kama hizo, na seva nyingi huzikataa bila hata kusoma barua. Tangu Februari 2024, Gmail inataka kila anayetuma awe na rekodi halali ya PTR, ile inayotaja jina la seva kutokana na anwani yake, na rekodi hiyo iko mikononi mwa mtoa huduma, si mikononi mwako. Ukitegemea laini ya nyumbani kutuma ankara, nyingine hazitafika.

Kwa hiyo barua zinazotoka zipitishe kwenye seva ya kukodi kupitia poti 587, kwa jina na nywila. Itaje seva hiyo katika rekodi yako ya SPF, inayotaja seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina lako, na utie kila barua sahihi ya kidijitali ya DKIM. Aliye kwenye anwani ya kushirikiana akodi seva ndogo yenye anwani isiyobadilika, aiunganishe na nyumbani kwa WireGuard, programu ya VPN. Barua zenyewe zitaendelea kukaa Ishiara.

Kabla hujanunua kifaa chochote, mpigie mtoa huduma wako umuulize kama anauza anwani isiyobadilika, kwa bei gani, na kama atakuwekea PTR.