Vidole vipimwe kabla ya kidonda kushonwa

BILA shaka umewahi kujigonga kisugudi kwenye ukingo wa meza ukahisi kama umepigwa na umeme hadi kwenye kidole cha mwisho. Wengi husema wamegonga mfupa. La hasha. Kilicholia ni neva, yaani mshipa wa fahamu, ambayo hapo nyuma ya kisugudi imefunikwa na ngozi na nyama kidogo tu.

Neva hiyo huitwa alna. Wenzake wawili ni mediani na radiali. Zote huchipuka kwenye uti wa mgongo, sehemu ya chini ya shingo, kwa mizizi mitano ambayo hukutana na kuachana nyuma ya mtulinga kama ukili unaosukwa, kisha hupita kwapani na kushuka mkononi. (Zipo pia nyingine za bega na za msuli wa mbele wa mkono, lakini leo tuziache.) Ndani ya kila neva mna nyuzi zinazopeleka amri za ubongo kwa misuli, na nyingine zinazorudisha habari za moto, baridi, maumivu na mguso. Kwa hivyo neva ikikatika, aghalabu nguvu na hisi hupotea pamoja.

Radiali huzunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu. Kazi yake ni kuinua kifundo cha mkono na kunyosha vidole. Mlevi akilala fofofo mkono ukining'inia juu ya mgongo wa kiti, huamka kifundo kimelegea kabisa, na jamaa zake wakaanza kutafuta aliyemroga. Mara nyingi hupona baada ya majuma au miezi michache. Magongo marefu kupita kiasi, yanayobana kwapa, huleta shida hiyo hiyo.

Mediani huingia kiganjani kwa njia nyembamba sana, ikibanana humo na kano tisa. Njia hiyo ikivimba kidogo tu, neva hubanwa. Akina mama waja wazito, wagonjwa wa kisukari na wenye upungufu wa homoni ya tezi ya shingo wanaijua hali hii: unaamka usiku wa manane kidole gumba na viwili vinavyofuata vimekufa ganzi, unakung'uta mkono hadi usingizi unaruka. Kufunga banzi usiku ili kifundo kikae wima husaidia wengi. Ikishindikana, upasuaji mdogo huipanua njia hiyo.

Alna ndiyo fundi. Ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya misuli midogo ya kiganja, ile inayotuwezesha kufunga kifungo, kushika sindano au kuzungusha ufunguo. Ukoma nao huipenda neva hii, hapo hapo kwenye kisugudi. Mtu mwenye baka lisilo na hisi na vidole vya mwisho vinavyoanza kujikunja asijifiche nyumbani, maana dawa za ukoma zipo na hutolewa bila malipo.

Nilipokuwa daktari mwanagenzi, usiku mmoja aliletwa kijana aliyekatwa na kioo cha dirisha kifundoni, upande wa kidole cha mwisho. Kidonda kilikuwa kidogo. Nilimdunga sindano ya ganzi, nikakiosha, nikakishona vizuri, nikampa kinga ya pepopunda. Nilijivunia kazi yangu. Baada ya miezi minne alirudi vidole viwili vya mwisho vimejikunja kama kucha za mwewe, na nyama kati ya gumba na kidole cha shahada imekauka. Kijana huyo alikuwa fundi wa saa. Sikuwa nimemwambia hata mara moja atanue vidole vyake.

Daktari wa upasuaji aliziunganisha ncha za neva. Hisi ilirudi kiasi, lakini ustadi wa kushika skrubu ndogo haukurudi, na kijana akaacha kazi yake.

Neva iliyounganishwa hukua upya kutoka pale ilipokatika, takriban milimita moja kwa siku. Iliyokatika sentimita 30 kutoka kwenye misuli yake huhitaji siku 300 kuifikia. Nao msuli haungoji milele: ukikaa mwaka mmoja au mmoja na nusu bila neva, hauponi tena. Kila juma linalopotea kabla ya kuunganisha lina gharama.

Basi ukikatwa na kioo au panga, bonyeza kidonda kwa kitambaa safi, inua mkono juu, uende hospitali. Usitie majivu wala kahawa, wala usikaze kamba. Kabla ya sindano ya ganzi, maana baada yake kipimo cha hisi hakifai kitu, mwombe daktari akuguse ncha ya kidole cha shahada (mediani), ncha ya kidole cha mwisho (alna) na mgongo wa mkono karibu na gumba (radiali). Kisha laza kiganja kikitazama dari, uinue gumba kuelekea dari, tanua vidole, inua kifundo. Pakiwa na ganzi au kidole kisichotii, sema waziwazi. Kidonda cha kioo huwa na mdomo mdogo na kina kirefu.

Na kama ulishashonwa na kidole bado kina ganzi, rudi juma hili hili, usingoje nyuzi zitolewe. Wakati huo, tumia mkono mwingine kupima joto la maji na kuepua sufuria, kwa kuwa ule wenye ganzi utaungua bila kukuambia, na uvinyoshe vidole kwa mkono mzima mara kadhaa kila siku ili viungo visikakamae.